Kreti Halirudi Tupu

Mkisikia mtu amestaafu, mnafikiria mzee mwenye bakora na redio ndogo. Mimi nina miaka thelathini na mitatu. Nywele ni nyeusi, meno yote yapo, na bado nabishana na kila mtu anayenipa sababu ya kubishana. Ni mgongo tu uliotangulia kuzeeka. Daktari aliinua picha ya mifupa yangu kwenye mwanga, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nasafirisha mboga kwa lori kutoka Loitokitok hadi Kajiado na Kitengela, na napakia kwa mikono yangu.

"Ulikuwa unapakia," akasema.

Ndivyo nilivyostaafu, bila hotuba wala saa ya ukutani.

Nawaandikia nyinyi mnaopanda lori badala yangu. Najua mmetoka chuoni juzi, na najua mnajua mengi. Sitawaambia muache maswali yenu nyumbani. Nataka tu mjue ni nani nilimwuliza, nikajibiwa nini. Halafu kuna kreti moja la bluu hapa sebuleni kwangu ambalo ni mali ya kikundi cha wakulima wa Loitokitok, na ambalo bado sijalirudisha. Nitafika huko.

Mtu wa kwanza kunipa kazi hii alikuwa Mzee Parmuat, ambaye ndiye mwenye lori na ndiye dereva. Boma lake liko Mashuuru, na mpaka leo anapenda ng'ombe wake kuliko lori, ingawa lori ndilo linalowanunulia dawa. Siku niliyofika kuomba kazi alikuwa amelala chini ya injini, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Sopa, mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Umesomea nini?" miguu ikaniuliza.

"Mazingira."

Akatoka chini, akajipangusa mikono, akazungusha kidole kuonyesha tambarare yote, vichaka, vumbi na mbuzi. "Mazingira ni hii. Ulisoma miaka mingapi?"

"Minne."

"Na bado hujaimaliza."

Nilicheka, naye akaona nimecheka, na nadhani hapo ndipo nilipoajiriwa. Baada ya safari chache alikuwa ameacha kuniita kwa jina langu. Mbona tunaondoka saa hii? Mbona turubai linafungwa hivi? Mbona tunarudi Loitokitok na lori tupu, moshi wote ule kwa ajili ya kubeba hewa? Akaniita Mbona. "Mbona, panda gari." "Mbona ameamka vibaya leo." Soko zima likachukua jina hilo, na kuna wamama Kitengela ambao hawajui nina lingine.

Acheni niwape ya mikono kabla sijasahau. Nyanya ichumwe ikiwa imeanza tu kugeuka rangi, maana itamaliza kuiva njiani. Ikichumwa nyekundu, mnasafirisha supu. Sukuma wiki na spinachi zifunikwe kwa gunia la katani lililoloweshwa, kamwe si nailoni, kwa sababu mboga nayo hupumua na hutoa joto. Turubai lisikazwe hadi chini kabisa. Acheni nafasi mbele na nyuma ili upepo upite juu ya mzigo. Angalieni tairi kabla ya safari, maana tairi lililolegea linakunywa dizeli kama mlevi. Na msimruhusu dereva yeyote aende mbio kwenye ile barabara ya mchanga kabla ya lami. Parmuat huwa anasema dereva mwenye haraka hushindana na nyanya zake mwenyewe, na nyanya hushinda.

Sasa friji. Lazima niwaambie kuhusu friji kwa sababu najua mmoja wenu ataileta upya kwenye mkutano.

Nilikuwa nimesoma kwamba unaweza kuhifadhi mboga bila umeme ukijenga kibanda chenye kuta za waya, ukajaza mkaa katikati ya waya, ukaulowesha maji. Maji yakikauka yanaondoka na joto, ndani kunakuwa baridi. Ni kweli, inafanya kazi. Nilikishawishi kikundi tukajenga kibanda kama hicho Kitengela, nyuma ya soko, na wiki ya kwanza spinachi ilikaa humo ikiwa imesimama wima kama wanafunzi wa gwaride.

Ila sikuwa nimejiuliza swali moja, mimi mwenye maswali. Kitengela ni mji ambao maji huja kwa lori. Tulikuwa tunanunua maji kwa mitungi ili kumwagia mkaa, na mmoja wa wamama akauliza kama spinachi imeolewa, mbona inaogeshwa kuliko watoto wake. Halafu ukame ukazidi, gesi ikapanda, na tukaanza kuona kuta zinapungua. Kila asubuhi ukuta ulikuwa umeshuka kidogo. Hakuna aliyemwona mwizi. Tulichoona ni kwamba vibanda vya chakula vya jirani vilikuwa vinapika maharagwe kwa moto mzuri sana. Mwishowe tulibaki na waya. Parmuat aliuzunguka ule waya, akatikisa kichwa, akasema, "Mbona, umewajengea watu jiko."

Nilisikitika kwa wiki nzima. Leo nashukuru, kwa sababu pale ndipo nilipojua kwamba jambo zuri likiwa halina mwenyewe wa kulitunza, linaishia kwenye sufuria ya jirani. Kibanda cha mkaa kinafaa kule Loitokitok, karibu na mfereji, ambako maji yapo. Tulikihamishia huko na kipo. Kiangalieni mkifika.

Jambo lenyewe nililotaka kuwaambia ni makreti.

Mnayakuta leo na kudhani yamekuwepo siku zote. Zamani nyanya zilisafiri kwenye masanduku makubwa ya mbao. Mkulima hujaza, mnunuzi anadai aongezewe kichwa juu, yaani rundo linalopita ukingo, kifuniko kinapigiliwa misumari, na zile za chini zinapondwa kabla lori halijawaka. Kila sanduku ni mti, na halimalizi msimu. Mtu yeyote anayetazama miteremko ya juu ya Loitokitok anaona miti hiyo ilikotoka. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, Bwana Mutua, alichoka kunisikia nikiuliza swali lilelile: mbona tunamwagilia nyanya maji ya mlima, tunazibeba kutwa nzima, halafu sehemu yake tunaimwaga jalalani Kitengela? Akasema, "Sawa, tununue hayo makreti ya plastiki yako tupumzike." Wakulima wakachanga. Makreti ya bluu, yenye matundu ya hewa, yasiyo na kifuniko, yanayopangwa moja juu ya lingine bila kuponda. Lori likishusha nyanya Kitengela, linachukua makreti ya safari iliyopita na kurudi nayo.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mama Njoki. Huyu ndiye mkubwa wa wamama wanaouza nyanya kwenye ule mstari wetu sokoni, mkubwa kwa umri na kwa sauti. Ndiye aliyenifundisha kuinusa nyanya kabla ya kuitazama. Kwa miaka mingi alikuwa ananunua masanduku yaliyofungwa kutoka kwa madalali, akifungua anakuta juu nyekundu na chini uji. Siku ya kwanza alipoyaona makreti yetu aliingiza mkono mpaka chini kabisa ya moja, akatoa nyanya ngumu, akaiinua juu ili soko lote lione.

"Ona! Hata ile ya chini iko na afya!"

Miezi michache mambo yalikwenda vizuri. Kisha makreti yakaacha kurudi. Mara ya kwanza yalipungua kidogo, mara ya pili zaidi, mwishowe lori likarudi Loitokitok na makreti ya kuhesabu kwa vidole. Niliwauliza wamama, wakaniambia, "Yako, Mbona, yatakuja." Hakuna aliyenitazama usoni.

Mutua aliita mkutano kwenye kibanda cha kuchagulia nyanya. Alikuwa amekasirika, na mtu mpole akikasirika huwa hana mazoezi ya kujizuia.

"Hawa wamama wa Kitengela wametumaliza. Nyumba zao zimejaa makreti yetu. Wanalazia kuku. Wanakalia!"

"Umeona?" nikauliza.

"Sihitaji kuona. Nahesabu tu kinachorudi. Na anayeongoza ni huyo Mama Njoki wako. Wengine wanamfuata yeye." Akageukia wakulima. "Safari hii ndiyo ya mwisho. Makreti yasiporudi, tunarudi kwa mbao. Na lori lisisimame kwa huyo mama tena. Arudi kwa madalali wake."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Parmuat nikitarajia atamtetea, kwa sababu alikuwa anampenda Mama Njoki na daima alimsifu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mnaona kilichokuwa hatarini. Mimi ningerudi kubishana kuhusu miti. Mama Njoki angerudi kununua uji ndani ya masanduku yaliyopigiliwa misumari, na tena akiwa na jina la mwizi, kwenye soko ambalo jina ndilo mtaji. Habari ilifika Kitengela kabla yetu, kama kawaida. Tulipoegesha, muuza vitunguu mmoja alikuwa tayari anasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wetu tunauza nyanya, wengine wanauza makreti." Mama Njoki alimsikia. Aliendelea kupanga nyanya zake, lakini alikuwa anapanga fungu lilelile, anabomoa, anapanga tena.

Nilimwomba anipeleke kwake. Anaishi ploti moja nyuma ya soko. Akafungua mlango wa stoo, akasimama kando.

Makreti yote ya mstari wao yalikuwa humo. Yameoshwa. Yamepangwa hadi dari na kufunikwa leso kuzuia vumbi. Kwenye mji wa maji ya kununua, mtu huyu alikuwa ameosha makreti yetu mpaka ndani ya matundu.

"Mama," nikasema, "mbona?"

"Usiniulize."

"Nakuuliza. Kesho utaitwa mwizi Loitokitok nzima, na vitu viko hapa vinang'aa."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nitarudishaje tupu?"

Sikuelewa. Akaniangalia kama anavyoniangalia nikishika nyanya vibaya.

"Mtu anakutumia chakula kwa chombo chake. Wewe umrudishie chombo kitupu, kama mtu hakulelewa? Mwanzoni niliweka. Mkate niliweka. Ndizi mbivu niliweka, ile tamu. Majani ya chai. Wengine pia waliweka. Kila safari. Lakini hakuna siku huyo mwenyekiti alisema hata asante. Nikasema labda ni kidogo, labda tunamtukana. Halafu biashara ikawa mbaya, huu ukame, sikuwa na kitu. Nikaambia wengine, ngojeni tupate ya kuweka, turudishe na heshima."

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukiwa bado mzima. Desturi hii naijua. Cucu wangu, mama yake mama, hakuwahi kurudisha kiondo cha jirani bila kutia viazi viwili ndani, hata jirani mwenyewe akiwa adui. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba plastiki ya bluu yenye muhuri wa kiwanda inaweza kuwa kiondo.

"Mama, hii si zawadi. Hii ni biashara. Walikuuzia."

"Biashara ni nyanya. Chombo ni chombo."

Nikajaribu tena, kwa hoja nzuri kabisa, na zote zikagonga ukuta. Ndipo nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo. "Hiyo mikate mlikuwa mnampa nani?"

"Dereva. Si ndiye anapeleka?"

Nikatoka kwenda kwenye lori. Parmuat aliniona nikija na akajua. Sijawahi kumwona mtu mzima akikagua tairi kwa makini namna ile.

"Mzee, mikate ilienda wapi?"

Akavuta pumzi. "Mbona, mama anakupa mkate mkononi, anasema safari njema. Wewe utafikiria ni wa nani?"

"Na ndizi?"

"Ndizi pia alisema safari njema."

"Miezi yote hiyo?"

"Nilikuwa naona hawa watu wa Kitengela wako na roho nzuri sana." Akakuna shingo. "Juzi kwa mkutano ndio nilianza kujiuliza."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa kuwa nilikula mikate hiyo pia. Tuliimaliza pamoja, njia nzima ya Mashuuru, mimi nikiuliza maswali mdomo ukiwa umejaa, na hilo moja halikunijia.

Tukarudi pamoja kwa Mama Njoki. Parmuat alivua kofia yake mlangoni na kumweleza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo wewe ndiye umenifanya mwizi."

"Mimi ni mwizi. Wewe ni mama aliyenilisha. Nisamehe, yeyo," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai.

Akamwangalia tumbo, akaangalia pembeni, na nikaona bega linatikisika. Alikuwa anacheka. Lakini alipomaliza kucheka akasema, "Sawa. Lakini sasa nitaweka nini? Bado sina." Akatuonyesha mikono. Ukweli ni kwamba jibu la mikate halikutatua neno. Makreti yalikuwa yamesafishwa, lori lilikuwa linangoja, na mwanamke huyu angeona heri aitwe mwizi kuliko kuyarudisha matupu.

Parmuat, aliyekuwa anakwepa macho yake, alikuwa anatazama nyuma ya ploti. Pale ndipo wamama wa mstari ule hutupa mabaki kabla hayajapelekwa jalalani: majani ya nje ya kabichi, maganda ya mahindi mabichi, mashina ya sukuma, vikonyo vya mikungu ya ndizi. Rundo lilikuwa linanifika kifuani. Nilikuwa nimelipita mara nyingi na kulilalamikia harufu.

"Hii inaenda wapi?" akauliza.

"Hiyo ni takataka."

"Takataka?" Parmuat akaokota jani la kabichi, akalikung'uta. "Mama, ng'ombe wangu akiona hii saa hii atalia machozi. Huko kwetu anakula karatasi. Na Mutua anafuga ng'ombe watatu wa maziwa, anawanunulia nyasi kutoka mbali, kila siku analia kwangu."

"Nimtumie mtu takataka kwa chombo chake?" Mama Njoki alishtuka kweli.

"Hata kwetu hatupendi kibuyu kirudi kikavu," Parmuat akasema. "Lakini mfugaji wakati wa kiangazi, ukimletea mkate na ukimletea majani, mkate atawapa watoto. Majani atakuja kupokea mwenyewe."

Mama akafikiri. Kisha akajifunga leso kiunoni, akawaita wenzake. Hakukubali hata jani moja liingie bila yeye kulipitia. Yaliyooza, nje. Karatasi za nailoni, nje, na hili lishikeni sana, kwa sababu nailoni tumboni mwa ng'ombe haitoki. Kamba, nje. Majani yaliyolowa yalianikwa kwanza, maana yakifungiwa maji yanapata joto na kuchacha njiani. Yule muuza vitunguu alikuja kutazama, akabaki, akashika maganda ya mahindi. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kazi, lori lile liliondoka Kitengela likiwa limejaa.

Mutua alikuwa barabarani anatungoja, mikono kiunoni, wakulima nyuma yake. Parmuat alifungua mlango wa nyuma. Makreti yalikuwa yamepangwa mpaka juu, kila moja limejaa kijani.

Mutua akachukua ganda la mahindi, akalinusa.

"Hii ni nini?"

"Mama Njoki anakusalimia," nikasema. "Anasema samahani kwa kuchelewa. Hakutaka vyombo vyako virudi vitupu."

Akalirudisha ganda kwenye kreti. Nyuma ya nyumba yake ng'ombe alikuwa tayari ameanza kulia, harufu imemfikia.

"Nani alisema huyu mama ni mwizi?" Mutua akauliza, akigeuka.

"Ni wewe," mzee mmoja akamjibu.

"Na mwenyekiti," Parmuat akaongeza haraka, kama mtu anayeruka kwenye maji baridi, "kuna mambo kidogo ya mkate."

Sitawaandikia yaliyosemwa hapo. Yalisemwa kwa Kikamba na yalichukua muda.

Safari iliyofuata, juu ya kreti la kwanza la Mama Njoki, palikuwa na kabichi moja kubwa kama kichwa cha ndama, na Mutua alimwagiza Parmuat mbele ya watu: "Hii si ya kuuza. Na si ya dereva." Tangu siku hiyo makreti yanarudi. Yakikosekana moja au mawili, watu huuliza kama kuna mgonjwa. Majani yanapanda mlimani, mbolea ya ng'ombe inaingia kwenye mashamba ya nyanya, nyanya zinashuka. Kiangazi kikali tunaacha makreti kadhaa Mashuuru kwa ng'ombe wa Parmuat, kwa idhini ya Mama Njoki, ambaye amemsamehe lakini anamkumbusha.

Sitawadanganya kwamba tumeuokoa ulimwengu. Lori bado linatoa moshi. Makreti nayo ni plastiki, siku moja yatapasuka, na sijui tutayapeleka wapi. Maji ya kuyaoshea bado yananisumbua. Hayo nawaachia nyinyi, na nawaomba muwe wasumbufu. Ila mkiona watu hawafanyi lile mlilopanga, msianze na neno wizi. Nendeni mkaone stoo.

Na mjue kushukuru. Mimi nilichelewa kujifunza, kwa sababu mtu wa maswali hudhani kila anachojua alikitafuta mwenyewe. Parmuat alinipa kazi. Mutua alichangisha watu kwa ajili ya wazo la msichana aliyejenga jiko la mkaa la majirani. Mama Njoki alinipa pua.

Wiki niliyotoka hospitali, Parmuat alisimamisha lori mbele ya nyumba yangu, akaingia na kreti la bluu begani. Lilikuwa na nyanya, kabichi, chupa ya maziwa ya Mutua, na mkate kutoka kwa Mama Njoki, mzima, haujaguswa. Akauonyesha huo mkate kwa kidole ili nihakikishe. "Ashe oleng, Mbona," akanishukuru kwa lugha yake, kisha akaondoka upesi kabla hatujalia.

Vyote vimeliwa. Kreti nimeliosha mpaka ndani ya matundu, na limekaa hapa sebuleni siku nyingi kuliko inavyofaa, kwa kuwa sina shamba, sina ng'ombe, na siruhusiwi kuinua kitu. Leo asubuhi nimetia ndani yake glavu zangu za kupakilia, ambazo bado ni nzuri, na lile gunia langu la katani. Juu yake naweka kurasa hizi. Njooni mlichukue.